Kikundi cha Spika

…na Spika bado hajaishika zana vizuri, ameishika kama mtu aliyeokota chupa njiani na anatafuta pa kuitupa, kiganja kimefunika nusu ya ubavu, kidole gumba kinacheza, na Mjomba, aliyekaa nyuma kabisa kwenye dawati lililotengenezwa kwa magoti ya mtoto wa darasa la tano, anakifuata kile kidole gumba kama paka anavyofuata mkia wa mjusi, kisishuke, kisishuke tu, maana kikiteleza kikaangukia pale penye tundu, basi bahati ya mvivu itakuwa imemwokoa tena mwenyewe… lakini hapana, tundu liko chini zaidi, upande wa nyuma, karibu na pale kiwambo kilipofungwa, na vidole vya Spika havijawahi kufika huko kwa sababu Spika hajaigusa zana hii tangu ilipokuwa chupa tupu, hajui nani aliikata kitako, nani aliunganisha mirija ya kalamu kuwa bomba la hewa, nani alifunga maputo mawili ndani yawe mapafu, nani aliunguza kidole, yeye amekuja asubuhi na shati lililopigwa pasi na amekabidhiwa vyote kama bwana harusi anavyokabidhiwa koti. "Haya, wanafunzi wangu wazuri," anasema Spika kule mbele, na sauti inajaza chumba bila kupandishwa, ndiyo maana wakamwita Spika, mtu aliyezaliwa na kipaza sauti kooni, "hebu kila mmoja aweke mkono kifuani," na watoto wote wanaweka, hata yule wa dirishani aliyekuwa akichonga penseli kwa meno, na mkufunzi wao wa chuo cha ualimu, aliyesimama pembeni akitafuna ncha ya miwani yake, anaandika kitu… anaandika nini? Wameweka mkono kifuani tu, kuna nini cha kuandika hapo? Mwache aandike. Dakika si nyingi atakuwa na cha kuandika. Mjomba anakunja mikono na kuegemea ukuta, ukuta wa baridi, chokaa inaingia kwenye koti lake la pekee, na anajiambia asitabasamu, uso uwe ule ule, uso wa mjomba, maana kazi nzuri huharibiwa na mikono ila mbaya huharibiwa na uso, na hii ni kazi mbaya, analijua hilo, hajidanganyi, kila kitu na jina lake, ndivyo alivyowaambia watoto miaka yote aliyofundisha bila cheti, asiyejua jina la kitu hakijui kitu, na jina la alichofanya leo asubuhi ndani ya stoo ya zana, kwa ukucha wa kidole cha shahada, ni kisasi… haikuchukua muda hata wa kusema alhamdulillahi, ukucha chini ya kile kijidonge cha nta, kwangua, nta ikadondoka, basi. Tundu lenyewe alilitoboa kwa bahati mbaya siku alipokuwa akipasha msumari moto, msumari ukaponyoka ukagusa ubavu wa chupa, akalaani, akawasha mshumaa akaliziba, hakumwambia mtu, angemwambia nani, wenzake walikuwa wapi? Chupa ikiwa nzima, ukivuta kile kiwambo cha mpira chini, hewa ya nje haina njia ila kushuka kwenye bomba na kuyajaza maputo, yanatuna, watoto wanashangaa, wanaelewa kifua kinavyofanya kazi. Chupa ikiwa na tundu, hewa inapita tunduni kama mwizi dirishani, maputo yanabaki yamenyauka kama soksi kwenye kamba. Vuta usivute. Hata Spika afanye sauti tamu namna gani, mapafu hayasikii sauti tamu… "Sasa vuta pumzi taratibu, usiniibie pumzi ya jirani," anasema Spika na darasa linacheka, hilo halimo kwenye andalio la somo, Mjomba ndiye aliyeliandika andalio lote, analijua mstari kwa mstari, hakuna neno la jirani mle, Spika amelitoa kichwani mwake sasa hivi, na ni zuri, limewafanya wote wavute pumzi kwa pamoja, na hilo ndilo linalouma, kwamba kijana huyu angekuwa mjinga ingekuwa rahisi kumhurumia. Si mjinga. Ni mtegeaji. Hilo nalo lina jina lake, na jina hilo walifundishwa na mkufunzi huyu huyu katika somo la saikolojia, akawatoa nje uwanjani, akafunga kamba kwenye ndoano ya mizani ya ghala, akasema avute kila mtu peke yake, kisha mvute kikundi kizima, tuone. Kila mmoja peke yake alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, Kapteni, yule mwenzao wa mpira, alipiga kelele kama anafunga goli la fainali, lakini walipovuta wanne pamoja mshale wa mizani haukufika hata karibu na pale ulipopaswa kufika, na mkufunzi akacheka, akasema mnaona, hakuna aliyekusudia kudanganya, ila kila mtu mkono wake ukajua kuwa wapo wengine, na mkono una akili zake. Huo unaitwa utegeaji. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema, lakini vidole vikiwa vingi kila kimoja humwachia mwenzake chawa. Viganja vya Mjomba vilichubuka siku ile, yeye alikuwa wa kwanza kwenye kamba, alijizungushia kiunoni akaing'ang'ania kama ng'ombe wa plau, na nyuma yake alisikia vijana wakicheka, Spika akihesabu kwa sauti, moja, mbili, vuta, anahesabu, mtu anayehesabu havuti, akili haihitaji digrii kulijua hilo. Na mkufunzi alimaliza kwa kusema kwamba mwenye tabia ya kujituma akiwekwa na wasiojituma hupatwa na moja ya mawili, ama naye ataacha kuvuta, ama atavuta mpaka kamba imkate mikono. Hakulitaja la tatu. Labda halimo vitabuni. La tatu ni kuikata kamba wote wakiwa wameishika… Na ameikata. Spika anageuka sasa, anaiinua chupa juu ili wa nyuma waone, jua la dirishani linapita ndani yake, maputo mawili mekundu yananing'inia, na chini kwenye ubavu kuna kitu kinang'aa, kipande kidogo cha lebo, Mjomba anakunja uso, alidhani aliikwangua lebo yote, aliiloweka kwenye maji ya moto ikatoka, sasa hiki kimebaki vipi, tazama, kazi ya mtu mwangalifu inavyoweza kuwa na doa, na hilo doa litahesabiwa lake, si la kikundi, sifa ndizo za kikundi… "Huu mpira wa chini," anasema Spika, akiugusa kwa kalamu, mpira! Kiwambo, mwanangu. Kimeandikwa kwenye andalio kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Kingekuwa mpira kingechezewa na Kapteni uwanjani, ambako Kapteni alikuwa kila jioni ambayo kikundi kilipaswa kukutana, na ukimuuliza anakuonyesha kifundo cha mguu kilichobandikwa plasta, Mjomba, mimi nimeumia kwa ajili ya chuo. Na yule wa tatu, Kimya, binti aliyekaa hapa hapa ubavuni pake, mikono mapajani, macho mbele, alikuja kwenye mikutano yote na hakusema neno katika wowote, kwa hiyo huyo ni kama hakuja. Ndicho kikundi. Msemaji, majeruhi, na sanamu. Na Mjomba. Jina hilo lilianza siku ya kwanza kabisa, alipoingia darasani na mvi zake za masikioni, wote wakadhani ni mkufunzi, wakasimama, alipokwenda kuketi nao kwenye benchi wakaangua kicheko, na Spika ndiye aliyeokoa hali, akainama kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo, Mjomba." Akaitikia marahaba. Marahaba ile ndiyo iliyomponza. Angesema niite mwanachuo mwenzio, au angenyamaza, lakini aliitikia, na tangu hapo akawa mjomba wao wote, na mjomba ni mtu wa kuendewa, mjomba hanyimi, mpelekee mjomba, mjomba atamalizia, Mjomba wewe mwandiko wako mzuri sisi tutakuharibia tu. Walisema kwa upendo, ndiyo, hata aliyekuwa akiwakamua ng'ombe wa marehemu baba yake alikuwa akiwaimbia. Na ile siku ya somo la ramani, muhula uliopita, alipofinyanga milima na mito ya udongo juu ya ubao, akaipaka rangi, akaikausha kwenye kivuli isipasuke, mkufunzi kama desturi yake akatoa chaki mfukoni akazunguka nayo, maana hapa chuoni hakuna anayejua nani atafundisha hatua ipi mpaka chaki iwekwe kiganjani mwake, wote mnapaswa kujua yote, na alama ni moja kwa wote, akaiweka kwa Spika. Spika akafundisha milima asiyoijua, akaita mto bonde na bonde mto, watoto wakampenda, na mkufunzi akasema mbele ya chuo kizima, "Kikundi cha Spika kimejiandaa." Kikundi cha Spika. Likaandikwa hivyo ubaoni na likabaki hivyo. Na Spika akamshika Mjomba bega, akasema huyu ndiye mashine yetu, sisi tunatia mafuta tu, watu wakacheka, Mjomba naye akacheka, meno yalicheka… mafuta yapi? Nani aliyaona mafuta hayo? Nyumbani alipomsimulia mama watoto wake akidhani atapata japo pole, mwanamke yule akaendelea kukunja nguo, akasema, "Hata humu ndani tuko wengi lakini kazi inafanywa na mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayelalamika," na Mjomba akauliza ana maana gani, akajibiwa hana maana, na kweli jana yake tu binti yao alitandika kitanda, Mjomba akapita nyuma yake akakitandika upya kwa sababu shuka lilikuwa limekunjwa upande, sasa hilo nalo ni kosa? Shuka likikunjwa upande liachwe? Mke wake hajui chuo. Hajui maana ya alama moja kwa watu wanne. Mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha kule kwao alimwambia wazi kabisa, mzee, nakuheshimu, lakini mwaka ujao nafasi hii ni ya mwenye cheti, ukija nacho ni yako, usipokuja nacho usinilaumu, na somo la mfano kama hili la leo alishaanguka mara moja, mwaka ule wa kwanza alipougua katikati, akianguka tena hakuna mara ya tatu, anafungasha. Kwa hiyo alipokuwa mle stooni na ukucha wake hakuwa mtu asiye na cha kupoteza. Alipiga hesabu zake kama mtu mzima. Chaki ya hatua nzito mkufunzi humpa mwenye jina la kikundi, atapewa Spika. Spika atavuta kiwambo, hakuna kitu. Atavuta tena. Watoto wataanza kutazamana. Atafanya mzaha wa kwanza, watacheka, atafanya wa pili, hawatacheka, na jasho litatoka pale chini ya pua linapomtoka mtu anayejua kusema asipokuwa na la kusema. Desturi inaruhusu aliyekwama kuomba msaada kwa mwenzake wa kikundi, kwa hiyo atageuka, mbele ya mkufunzi, mbele ya wanachuo wote waliojipanga ukutani, atasema, Mjomba, tusaidie. Na Mjomba hatasimama upesi. Atakohoa kwanza. Ataweka sawa koti. Atatembea kati ya madawati kama mwenye nyumba anayekwenda kufungua mlango aliosikia umegongwa muda, ataichukua chupa, ataweka kidole cha shahada pale anapopajua yeye, atavuta, na mapafu yatajaa… na mkufunzi ataondoa ile miwani mdomoni. Ataelewa. Hata akiwa na akili ya kuku ataelewa ni kazi ya nani. Na kama chaki ingempata Mjomba mwenyewe, hasara iko wapi, kidole si anacho? Kama ingempata Kapteni ni vilevile. Kama ingempata Kimya… hilo hakulifikiria, nani angempa Kimya chaki. Na hesabu imekwenda sawa mpaka sasa, Kapteni kapewa utangulizi, kawakimbiza watoto pale pale waliposimama mpaka wakahema, haikuwa mbaya, bahati, kisha chaki ikaja kwa Spika kama maji yanavyokuja bondeni. "Nani anaweza kuniambia," anauliza Spika, "nikivuta hapa chini, haya maputo yatafanya nini? Yatatuna, au yatakasirika?" Mikono inapanda, mimi mwalimu, mimi, na Spika hana haraka, anawachagua, wewe unasemaje, na wewe wa nyuma mwenye meno mazuri, anawabisha, anawafanya wagawanyike, nusu wanasema yatatuna, nusu yatanywea, na Mjomba anaona moyo wake ukiruka kwa furaha mbaya kwa sababu kadiri wanavyobishana ndivyo anguko litakavyokuwa refu, ongeza, kijana, panda ngazi nyingine, aliye juu mngoje chini, na mimi nimengoja mihula yote… na kisha Spika, bila sababu, anainua macho juu ya vichwa vya watoto, anamtazama yeye, Mjomba, na anatabasamu. Tabasamu hilo. Lile lile la bega na mashine na mafuta. Anatabasamu na zana ambayo hakuitengeneza mkononi, na ndipo kitu ndani ya Mjomba kinapohama mahali pake kama jiwe la mafiga linaposukumwa kwa mguu, na anajua kwamba hatasimama. Hatasimama kabisa. Akiitwa ataketi. Mjomba, tusaidie, na Mjomba atatazama dirishani kama mtu aliyesikia jina la mtu mwingine. Na waanguke. Alama ni moja kwa wote, si ndivyo desturi, basi sifuri nayo ni moja kwa wote, mchuma janga hula na wa kwao, waile wote, Spika na shati lake, Kapteni na mguu wake, huyu sanamu hapa, na yeye mwenyewe na mvi zake, arudi kwao bila cheti, amwambie mwalimu mkuu nafasi ampe amtakaye, amwambie mkewe kamba imekatika, atauza nini, atalima nini, hajui, na sasa hivi halimhusu, kuna utamu fulani kwenye mdomo wake ambao hajauonja tangu ujana, utamu wa mtu anayechoma nyumba na yeye mwenyewe yumo ndani na kwa mara ya kwanza anaota moto vizuri… "Mjomba." Ni nong'ono. Hageuki. Spika ameshika kiwambo sasa, kwa vidole viwili, bado hajavuta, anawaambia watoto wahesabu naye, na nong'ono inakuja tena kutoka ubavuni, kutoka kwa sanamu, "Mjomba, kile kitundu nimekiziba."

Hakusikia vizuri. Amesikia vizuri sana. "Kitundu gani?" anasema, midomo haijatikisika, na Kimya, macho mbele, mikono mapajani, anamwambia kwa sauti ya mtu anayesoma sala kwamba ni kile cha chini, upande wa nyuma, alikiona nje pale chini ya ukuta wakati Mjomba alipokwenda kumwamkia mwalimu mkuu wa shule hii, aliifungua chupa kwa sababu alitaka kuona karatasi yake kama haijalowa… karatasi yake, karatasi gani, na papo hapo Mjomba anaiona, ile aliyoifungia chupa asubuhi isikwaruzwe njiani, karatasi kubwa iliyokuwa stooni, mchoro wa mapafu, rangi ya buluu na nyekundu, mchoro wa Kimya, aliouleta kwenye mkutano wa pili au wa tatu akauweka mezani bila neno, na Mjomba akasema ahsante, mama, umefanya vizuri, akauweka kando, akachora wake, kwa sababu bomba la hewa lilikuwa limepinda kidogo upande wa kushoto. Kidogo tu. Na leo akauokota akaufanya kifungashio, akampa mwenyewe aubebe, shika hii, usiiangushe, na binti akaubeba mchoro wake kifuani njia nzima ukiwa umeviringishwa kwenye chupa kama karatasi ya sabuni. "Nikaijaribu," anasema Kimya, "haikuvuta. Kapteni akatoa plasta, Spika akashika chupa, mimi nikabandika. Nimewaambia nilijikwaa, nikaitoboa mimi." Kule mbele wanahesabu, moja, na Spika anawasimamisha, hapana, hamjahesabu wote, yule pale amehesabu kwa macho, tuanze upya, kicheko. "Hukujikwaa," anasema Mjomba. "Sikujikwaa," anasema Kimya, "nta ilikuwa na alama ya ukucha." Na ndiyo yote. Kitu cha kwanza kinachopanda ndani ya Mjomba ni hasira, na anaona aibu kwamba ni hasira, nani alimtuma, nani alimwomba, mwaka mzima hakushika hata gundi halafu siku ya leo, siku moja tu ambayo mtu alihitaji waendelee kutegea, ndiyo wakaamka wafanye kazi, tazama mkosi, amenyang'anywa hata hii, hata kisasi chake wamekigawana… walishika wote watatu. Anajaribu kutoiona picha hiyo na anaiona, vichwa vitatu vimeinamiana chini ya ukuta, Kapteni amevua kiatu, Spika hana la kusema maana ameambiwa ashike tu asitikise, na yule binti anabandika, analaza kingo za plasta kwa kucha kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto, kazi ya kikundi, ya kwanza na ya pekee waliyowahi kuifanya, na aliyekosekana ni yeye. Hawakumngoja. Ilifanyika kwa sababu hakuwepo. Hapana, hilo si kweli, ni plasta tu, ukilinganisha na jioni zake zote plasta ni nini, ni upuuzi… na kamba inarudi, hakuiita, siku ile uwanjani mkufunzi aliposema legezeni, alipogeuka na viganja vyake vimechubuka akamkuta Kimya nyuma yake ameshika ncha, ncha tu, urefu wa kiganja, kwa sababu kamba iliyobaki ilikuwa yote kiunoni mwa Mjomba, amejizungushia mara na mara, na Spika na Kapteni walikuwa wakivuta nini basi, walikuwa wakivutana mashati, wakicheka, walicheka kwa sababu hapakuwa na pa kushika. Aliwaona. Aliwaona siku ile ile, akaapa kwamba wanatega. Si kwamba hawakutega, hapana, asijipake matope ya wote, Kapteni alikuwa uwanjani kweli na Spika alihesabu kweli, mtegeaji ni mtegeaji hata ukimpa kamba ya kufika mwezini, hilo haliondoki, atakufa nalo… lakini ile ncha. Na yeye mtu wa majina, kila kitu na jina lake, Spika lilitoka kwa wanachuo, Kapteni lilitoka uwanjani, Kimya lilitoka wapi? Lilitoka kwake. Mkutano wa kwanza, binti alifungua mdomo, Mjomba akasema ngoja kwanza nimalize, alipomaliza muda ulikuwa umekwisha, na wa baadaye akamwona anatazama meza, akasema kwa mzaha, huyu tumwite Kimya. Jina lake la nyumbani alilisikia mara moja, siku ya kujitambulisha. Halikumbuki. Analitafuta sasa hivi, herufi ya kwanza tu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani na mgeni amesimama mlangoni, na halipo. Na huyu asiye na jina ndiye ameshika maisha yake mkononi, neno moja kwa mkufunzi, nta ilikuwa na alama ya ukucha, na hana hata haja ya kupaza sauti, na badala yake amesema amejikwaa… kwa nini? Mjomba anageuza kichwa, kwa mara ya kwanza anamtazama, na Kimya hamtazami, anaitazama chupa tu, na kwenye ukucha wa kidole chake gumba kuna utando mweupe wa gundi ya plasta. Kwa hiyo si lebo. Kile kinachong'aa pale ubavuni si lebo, lebo aliitoa yote, alikuwa sahihi, na usahihi huo sasa haumpi hata kijiko cha raha. Ni plasta ya mguu, iliyotengenezwa kukaa kwenye ngozi, si kwenye chupa, na Spika amekaa nayo juani muda wote huu akiwachekesha watoto, kiganja kina jasho, gundi itakuwa inalainika, je, alipangusa vumbi kwanza? Alibana kingo zote? Mbona wameweka kipande kidogo hivyo, angekuwepo angewaambia waweke kipana, kikivuke kitundu pande zote… na anajisikia mwenyewe, anausikia ule mkono wake wa zamani ukinyooka kwenda kutandika shuka upya, na hakuna pa kuufikisha, yuko nyuma, magoti kifuani, chaki si yake, hajaitwa. Na lile tabasamu, sasa lilikuwa tabasamu gani? Spika anajua chupa ilitoboka, anadhani Mjomba hajui, labda alikuwa anamtuliza mzee, usiogope Mjomba tumeirekebisha, au labda ni lile lile la mafuta, mtu hawezi kujua, na akilichimba hili halina mwisho, tabasamu moja na watu wawili tofauti ndani yake, na yule wa mafuta Mjomba alitaka kumwua. Bado anataka. Hajasamehe, asije mtu akasema amesamehe, wakitoka hapa atamwambia Spika ana kwa ana, hili na hili na hili, na jina ubaoni lifutwe… lakini si leo, si kwa njia ile, na kwanza plasta ishike. Ishike tu. "Tayari?" anasema Spika, "Wote?" na watoto wanavuta pumzi ya kuhesabia, moja, mkufunzi ameondoa miwani mdomoni, mbili, Kapteni kule ukutani amesimama kwa mguu mmoja, vidole viwili vya Spika vimebana kiwambo na bado havijavuta, na Mjomba anagundua kwamba hapumui, na kwamba kidole chake cha shahada, kile kile chenye ukucha, kimebonyeza ubao wa dawati kwa nguvu mpaka ncha imekuwa nyeupe, pale ambapo, kama dawati lingekuwa chupa, lingekuwepo tundu, na pembeni ya kidole hicho, amekiona sasa, kimebonyeza kingine, cha binti, na utando mweupe kwenye ukucha…